Fundi wa Kiti cha Kushoto

Fundi alikuwa hakai kwenye usukani wa gari la mtu. Alizunguka upande wa kushoto, akavua ndala mlangoni na kuziacha zimepangana kama za mtu aliyeingia msikitini, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza. Akatoa zulia la chini, akalitupa kiti cha nyuma, akabandika nyayo zote mbili kwenye bati tupu na kufumba macho. "Endesha, Sista," aliniambia siku ya kwanza tulipoonana, na mimi niliyekuja kuendeshewa nikajikuta naendesha.

Nilianza kumweleza. Mimi ni nesi wa kliniki ya sukari, kutwa nasemesha watu wasiotaka kusemeshwa, na kunyamaza kwangu ni adhabu. Gari langu, dogo, jeupe, la oto, lilikuwa linashtuka kila nikikanyaga mafuta, na mafundi watatu walishaniambia giaboksi imekufa. Nilitaka ajue yote hayo. Akainua kidole kimoja bila kufumbua macho. Nikameza maneno, tukapanda ile barabara ya mawe iliyo juu ya Igogo, hapa Mwanza, tukashuka, tukapanda tena, na muda wote yule mzee alikuwa kimya, vidole vya miguu vimetawanyika kwenye bati, akisema neno moja tu: "Hapo." Baada ya kitambo, tena: "Hapo." Tuliporudi gereji alifumbua macho akaniuliza oili ya giaboksi nilibadilishiwa wapi.

"Kwa fundi mmoja, Butimba. Nyumbani kwake."

"Kwake kuna mteremko?"

Nikafikiri. Kulikuwa na mteremko, na jiwe chini ya tairi la nyuma ili gari lisiondoke. Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akanielekeza niliingize gari juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa katikati ya gereji yake, sakafu ndogo yenye upana wa gari moja tu.

Sakafu hiyo aliiita meza. Aliimwaga mwenyewe, akainyoosha kwa pimamaji siku tatu, akawa anainyunyizia maji asubuhi na jioni mpaka ikakomaa. Maelezo yake yalikuwa kwamba mji huu umejengwa juu ya mawe, hakuna kwa mtu palipo sawa, na fundi anayepima oili ya giaboksi gari likiwa limeinama anadanganywa na stiki ya kupimia. Anaona oili ni pungufu, anaongeza. Kesho anaongeza tena. Giaboksi inajaa kupita kiasi, oili inapiga povu, gia zinaanza kuingia kwa kushtuka, na mwenye gari anaambiwa akatafute giaboksi nyingine. "Wanaizika inapumua," alisema. Akaacha injini inanguruma, akapitisha gia zote moja moja, akapima, akaingiza mpira mwembamba, akavuta kikombe kimoja na robo. Nililirudisha gari nyumbani siku hiyo hiyo, likapanda mlima laini kabisa, na mimi nikacheka peke yangu njia nzima.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu, na nilimfahamu kwa miaka tisa. Kwao ni wapi hasa sikuwahi kumwuliza. Lafudhi yake ilikuwa ya Nansio, alisema "gali" na "balabala", na mimi hapa nitaandika gari na barabara kama mkewe alivyokuwa akimsahihisha.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajaacha na kuja kuuza oili na vipuri kwenye kontena lililokuwa mlangoni mwa gereji. Mama huyu ni wa Kagera, mrefu, wa kanga safi hata kwenye grisi, na fundi alimwita Mwalimu mbele ya wateja na nyuma yao pia. Yeye alimwita mumewe Mzee. Walikuwa wakizozana tangu asubuhi mpaka jioni, na mambo waliyozozania hayakuwa makubwa. Kubwa lilikuwa visosi.

Fundi alikuwa na visosi vinne vyeupe vya chai, seti ya Mwalimu ya harusi. Tone la oili ya kila giaboksi iliyoingia pale aliliweka kwenye kisosi, akakiweka juani juu ya jiwe, akakaa mbele yake. Nyekundu angavu, sawa. Kahawia, ana wasiwasi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, anakunja uso na kwenda kunawa kabla ya kumwambia mtu habari mbaya. Alikuwa akizungusha kisosi polepole ili chembe za chuma zimetemete, na huwezi kumharakisha. Mteja akiuliza "vipi mzee?" alijibiwa na Mwalimu kutoka kwenye kontena, "Yuko kwenye mtihani, usimsemeshe." Visosi hivyo havikurudi tena jikoni, na Mwalimu hakusamehe.

Kuhusu miguu yake alikuwa na mafundisho kamili, na alinifundisha mimi kwa sababu nilimwuliza, si kwa sababu nilifaa. Kwenye magari mengi kama langu, alisema, giaboksi imelala upande wa kushoto, ndiyo maana anakaa kushoto. Gari likishtuka, mwenye gari anasikia mshtuko mkubwa tu, ule wa mgongoni, na huo haukwambii kitu. Chini yake kuna mishtuko midogo, mingi, haifiki mgongoni, inaishia kwenye nyayo. Hiyo ndiyo inayosema ukweli. Giaboksi hushtuka kwa vituo: hapa inapoingia gia ya pili, hapa ya tatu, ukirudia barabara ileile utaikuta palepale. Injini ikiwa inamisi, labda plagi imechoka au koili inayoipa plagi moto imekufa, hushtuka ovyo, popote penye mzigo, haina kituo. "Vituo au ovyo," alisema. "Ukijua hilo umemaliza nusu ya kazi. Ukikosea hilo unamfungulia mtu giaboksi nzima kwa kosa la koili." Niliwahi kujaribu, nikavua viatu vyangu vya kazini, nikafumba macho naye akaendesha kwa mara moja tu ninayoikumbuka. Sikusikia kitu. Akaniambia nyayo zangu zimelelewa na soksi.

Mashine alizidharau. Kijana yeyote aliyefika na kile kipimo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma makosa ya gari, alipewa mhadhara. Mashine inakwambia mlango uliogongwa, alisema, haikwambii nani amegonga. Sasa mchana mmoja nilizunguka nyuma ya kontena kutafuta kivuli, nikamkuta ameinama kwenye gari la mtu na mashine mkononi, mpya, imefungwa kwa kitenge ili isipate vumbi. Tulitazamana. "Naipima," aliniambia. "Nataka kujua kama inajua." Ilikuwa inakaa kwenye droo ya Mwalimu muda wote huo. Kila akishamaliza na nyayo zake alikuwa anakwenda kuihoji kwa siri, na kwa kadiri alivyoniambia baadaye, hawakuwahi kupishana, mpaka akaona hakuna haja ya kuihoji tena.

Sikumpenda mara zote. Alikuwa mkali mpaka kukera. Nakumbuka mzee mmoja mstaafu aliyekuja na familia yake, wanakwenda Bukoba kumzika kaka yake, gari limejaa watu na mashada. Limeanza kushtuka hapo mjini, wakaona waliangalie kidogo tu kabla ya safari. Fundi akakaa kiti cha kushoto, wakazunguka, wakarudi. Akashuka, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Haliendi."

"Lina nini?" mzee akauliza.

"Sijajua."

"Hujajua, halafu unanizuia?"

"Kwa sababu sijajua."

Yule mzee alianza kwa heshima, akaomba, akapandisha sauti, mwishoni akatokwa na machozi, mbele ya wanawe, akisema kaka yake atafukiwa bila yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale na chupa ya maji mkononi nikamwambia fundi ampe mtu ufunguo wake. Hakunitazama. Aliwapakia kwenye pikapu yake mwenyewe, akawapeleka stendi, akahakikisha wamepata basi. Alipolifungua gari jioni alikuta mpira unaoshikilia injini, mauntingi moja, umekatika. Kasoro ya kawaida. Gari lingefika Bukoba na kurudi. Nilimwambia anapaswa kumwomba yule mzee radhi. Alinijibu akiwa anafuta mikono, bila hasira: "Nilisikia kitu sikukielewa, Sista. Kitu nisichokielewa sikitoi getini." Nilikasirika wiki nzima. Maneno hayo niliyaweka mahali, sikujua nitayahitaji.

Huyo ndiye mtu ambaye hakuwahi kupimwa. Gari likifika limechelewa matengenezo kwa mwezi mmoja alimkaripia mwenye gari hadharani, lakini yeye mwenyewe, katika miaka yote niliyomjua, hakuwa ameingia zahanati hata kwa kipimo cha presha. Mwalimu alinitania nimpime kwa nguvu. Nilicheka. Kando yake palikuwa daima na dumu la maji la lita tano, na analimaliza kabla ya saa nane mchana, analijaza tena. "Jua la Mwanza, Sista." Alikuwa akinyanyuka kila baada ya muda mfupi kwenda nyuma ya ukuta. Suruali zake alizifunga kwa kamba kwa sababu mkanda ulishaisha matundu. Watu wanaokunywa maji hivyo, wanaokwenda haja ndogo hivyo, wanaokonda hivyo, mimi nawaona kutwa kwenye benchi la kliniki yangu, nawatambua tangu mlangoni. Yeye nilimtazama miaka na sikumwona. Nilikuja pale kwa ajili ya gari, na macho yangu yalikuwa kwenye gari. Nasema hivi bila kujitetea.

Mwaka jana gari langu lilianza tena. Lilianza kidogo, mlimani, likazidi. Jumamosi moja baada ya zamu ya asubuhi nikalipeleka, bado nina sare na begi langu la kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Sista. Limekukumbuka?"

Tulipanda ile barabara yetu ya mawe. Akabandika nyayo, akafumba macho. Mimi nilikaa kimya kama nilivyofundishwa, na kwa kuwa nilikuwa kimya nilisikiliza, mikono ikiwa kwenye usukani, na mara hii nilisikia. Lilishtuka kwenye kona ya kanisa. Likashtuka hatua chache mbele, ambapo siku zote halibadili gia. Likatulia. Likashtuka mara mbili mfululizo. Tuliporudia, kwenye kona ya kanisa halikushtuka kabisa. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alisema "Hapo" kwenye ule mshtuko mkubwa wa kuanza mlima. Alisema "Hapo" tena kileleni. Katikati, gari lilipokuwa linatetemeka mpaka mimi nausikia usukani, alikuwa kimya.

Tuliporudi alifumbua macho akasema, "Giaboksi. Ina vituo viwili. Lazima tuifungue."

"Fundi, katikati nako lilikuwa linashtuka."

"Katikati lilikuwa limetulia."

Hakuwahi kuniambia uongo, na hakuwa ananiambia uongo. Alishuka pekupeku, ndala akaziacha palepale chini ya mlango, akatembea kwenda kwenye meza kuondoa kopo lililokuwa limeachwa juu yake. Nilimfuata kwa macho kwa sababu nilikuwa najiandaa kumbishia. Juu ya ile saruji safi, kila alipoweka mguu wa kushoto, palibaki alama nyekundu.

"Mzee," Mwalimu aliita kutoka kwenye kontena, "umemwaga nini kwenye meza yako?"

Akatazama chini. Akafikiri ni oili. Niliona wazi kwamba amefikiri ni oili, kwa sababu alichuchumaa akagusa kwa kidole na kunusa, na uso wake ulikuwa ule wa kisosi, unatafuta ni ya gari gani.

"Fundi, kaa chini," nikasema.

"Ya nini?"

"Kaa."

Skrubu ilikuwa imezama kwenye unyayo karibu na kidole kidogo, kichwa chake tu ndicho kinaonekana. Haikuwa ya siku hiyo. Ngozi pembeni ilikuwa imeshageuka rangi, na kulikuwa na harufu ambayo siwezi kuichanganya na harufu nyingine. Mwalimu alishuka kutoka kwenye kontena, akaona, akashika mdomo. Fundi alitutazama sisi wawili kwa zamu, kama mtu ambaye wenzake wamecheka jambo yeye hajalisikia.

"Ni skrubu tu," alisema. "Leteni koleo."

"Haitoki hapa. Inatoka hospitali, na tunakwenda sasa hivi."

"Nina gari la mtu linaondoka saa kumi."

"Haliondoki."

"Sista, usinifundishe gereji yangu."

Alikuwa amesimama. Sauti imepanda, na watu wawili waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba nikimwomba nimeshindwa, na nikimtisha kwa habari za kukatwa mguu atakwenda kunawa mikono na kuendelea na kazi. Kwa hiyo nilifanya alichofanya yeye kwa yule mzee wa Bukoba. Gari la saa kumi lilikuwa pembeni, ufunguo wake unaning'inia. Nikauchukua, nikautia mfuko wa sare, nikafunga kifungo.

"Lina nini?" akauliza, mkali.

"Sijajua. Linatoka kwako, na wewe kuna kitu hukisikii. Kitu nisichokielewa sikitoi getini, Fundi."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilifikiri atanifukuza, na kama angenifukuza nisingekuwa na jingine la kufanya.

"Nipime basi," alisema hatimaye. "Ukishaona ni mzima, utanipa ufunguo na utaomba radhi."

Nikamkalisha kiti cha kushoto cha gari langu mwenyewe, mlango wazi, miguu imening'inia nje. Mwalimu aliniletea maji ya kunawa. Kwanza nilimtoboa kidole cha mkono, nikaweka tone kwenye kipimo changu cha sukari. Kipimo hakikuleta namba. Kilileta lile neno linalomaanisha sukari imepita pale kinapoweza kusoma. Nilikifunika kwa kiganja ili Mwalimu asikione, lakini alikuwa mwalimu, alikuwa ameshanisoma uso.

Kisha nikatoa kile kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, tunachogusia nyayo. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Fumba macho," nikamwambia. "Nitakugusa sehemu mbalimbali. Ukisikia, sema hapo."

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza mchana huo. Hiyo kazi alikuwa anaijua. Akafumba macho, akashusha mabega, akatulia vilevile kama anavyotulia barabarani. Nikaanza na mguu wa kulia. Kisigino, akasema "Hapo." Katikati, "Hapo." Chini ya kidole gumba nikabonyeza mpaka uzi ukapinda, akanyamaza. Chini ya vidole vingine, akanyamaza. Nikahamia mguu wa kushoto, ule wa skrubu. Kisigino. Katikati. Pembeni. Chini ya kila kidole, kimoja baada ya kingine. Nikarudia, polepole, uzi unapinda kila mahali. Korongo walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa gereji, na ziwani boti ilikuwa inanguruma, na yeye alikuwa amefumba macho anasubiri, uso umetulia, makini kabisa.

Nikaweka kijiti chini. Mwalimu aligeuka, akatazama ukuta.

"Anza basi, Sista," fundi akasema. "Mguu wa kushoto."

Nilimwambia nimeshamaliza.

Hakufumbua macho. Alikaa hivyo. Nilimshika tu ule mguu, nikaubana kwa mikono yote miwili, halafu nikakumbuka kwamba hata hilo halisikii.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Haiji siku moja. Miezi. Pengine zaidi."

"Basi magari yote haya," alisema. Akafumbua macho akamtazama mkewe, si mimi. "Mwalimu, tangu mvua ziishe nimetoa magari mangapi?"

"Mzee, twende hospitali."

"Yaandike. Yaandike yote, uwapigie mmoja mmoja, warudi. Waambie nilikuwa sisikii." Habari za mguu hakuuliza. Nililia kwa ajili ya mguu na yeye alikuwa analia kwa ajili ya magari ya watu, na Mwalimu akaingia kwenye kontena akachukua kalamu, akaandika jina la kwanza akiwa bado amesimama, ili mumewe aone kwamba linaandikwa, ndipo mzee akakubali kuondoka.

Sipendi kuwaweka watu roho juu kwa jambo la namna hii, kwa hiyo nitasema hapa kwamba mguu ulipona. Kidole kidogo hakikupona, kilikatwa. Siku hizi anavaa viatu vya kufunika, vikubwa, anavichukia, na kliniki anakuja tarehe yake bila kukumbushwa, akiwa na dumu lake dogo. Magari yalirudi karibu yote. Mashine ilitoka kwenye droo ikawekwa kwenye ile meza ya saruji mbele ya watu, na mawili yalikutwa na kosa ambalo hakulisikia. Aliyatengeneza akiwa amekaa kwenye stuli.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni ile safari ya Jumamosi. Gari lililokuwa tayari lilikuwa langu, lenye kushtuka. Mwalimu alikaa nyuma na orodha yake. Fundi alibaki kiti cha kushoto, mguu nimeufunga kitambaa, umewekwa juu ya zulia lililorudishwa mahali pake. Hospitali iko juu mlimani, na tulipoanza kupanda gari likaanza. Lilinirusha kwa nguvu pale mwanzo, halafu likawa linatetemeka na kukohoa njia nzima, na mimi nilikuwa nakanyaga mafuta nikiomba lisizime.

Nilizoea kwamba ndani ya gari na fundi mtu hasemi. Nilipomtazama alikuwa amefumba macho.

"Nasikia ule mkubwa tu," alisema. "Mgongoni. Ile midogo ipo?"

"Ipo, Fundi."

"Sasa hivi ipo?"

"Ipo."

Kiganja chake kilikuwa kwenye goti, kinapapasa kitambaa cha suruali.

"Kwa vituo," akauliza, "au ovyo?"

Nilisubiri kona moja ipite, na nyingine, niwe na hakika, kwa sababu alikuwa ananiuliza mimi.

"Ovyo."

"Basi ni injini," alisema. "Ni koili. Usikubali mtu akufungulie giaboksi."